Sebule ya dari refu: pa kuweka TV, sabufa na waya zake

Nyumba za namna hii siku hizi zinaonekana Dar es Salaam na Nairobi: chumba kimoja kikubwa, dari liko juu mita nne au zaidi, jiko linatazamana na makochi, na ngazi inapanda hadi kwenye roshani ya ndani ambako ndiko kitanda kilipo. Mtindo wenyewe ulishika kasi SoHo, New York, wasanii walipohamia kwenye viwanda na maghala yaliyobaki matupu, mpaka mwaka 1971 jiji likawaruhusu rasmi kuishi humo. Wao walitaka nafasi na mwanga wa kuchorea. Sisi tunataka sebule, na sebule ya kwetu ina TV, king'amuzi, sabufa, ruta na rimoti nne juu ya meza.

Ugumu wake ni kwamba hakuna pa kujificha. Ukuta wa TV unaonekana kutoka jikoni, kutoka mezani, kutoka mlangoni. Aliye roshani anaona hata kilichorundikwa juu ya kabati: vumbi, ekstensheni, rula ya mtoto iliyopotea tangu muhula uliopita. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla ya rangi. Ukingoja TV ifike ndipo umwite fundi, utapata TV nzuri yenye mkia wa waya mweusi unaoning'inia.

Anza na kochi

Ingia sebuleni saa nane mchana, halafu rudi saa kumi na moja jua likiwa limelala. Angalia mwanga unapogonga. Madirisha ya nyumba hizi ni marefu, na TV inayotazamana nayo itakuonyesha mawingu badala ya mpira. Ukiiweka mbele ya dirisha nako, macho yatachoka kwa mwanga unaotoka nyuma yake. Ukuta unaofaa ni ule ulio ubavuni mwa madirisha. Weka kochi likiutazama, kisha kaa.

Sasa pima kwa tepu kutoka machoni pako hadi ukutani. Gawanya umbali huo kwa 1.6 upate ulalo wa TV, yaani kipimo cha kioo kutoka kona hadi kona, kwa utazamaji wa kawaida. Mpenzi wa sinema anaweza kugawanya kwa 1.2. Tuseme umepata sentimita 260. Ukigawanya kwa 1.6 ni kama sentimita 163, sawa na inchi 64, basi nunua ya inchi 65. Ukigawanya kwa 1.2 unafika inchi 85. Mimi ningebaki na 65. Vituo vingi vya kwenye king'amuzi havirushi picha kali kiasi cha kujaza inchi 85, na nyuso za watangazaji zinaanza kuwa na ukungu.

TV ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 na kimo cha 81 hivi. Kata maboksi kwa vipimo hivyo, yabandike ukutani kwa gundi ya karatasi, uishi nayo siku mbili tatu. Pika ukiyatazama, panda roshani uyatazame. Utajua mapema kama mlango wa friji unaziba kona au kama kiyoyozi kiko juu yake kabisa. Kiyoyozi kikiwa juu ya TV, hamisha kimoja kati ya hivyo viwili. Siku bomba lake la maji litakapoziba, matone yatashukia kwenye kioo.

Urefu kutoka sakafuni

Hapa ndipo utakapobishana na fundi. Atashika penseli, atarudi nyuma hatua mbili, atasema, "Bosi, tuipandishe kidogo, huku chini haipendezi." Ukuta wa mita nne na nusu unamshawishi yeyote, maana ule utupu wa juu unaonekana kama umeachwa kwa bahati mbaya. Usikubali. TV ya baa hutundikwa juu kwa sababu watu wamesimama na wengine wako meza za nyuma. Nyumbani umekaa, na shingo inayoinuliwa kwa saa mbili itakudai asubuhi.

Mtu aliyekaa kwenye kochi la kawaida, macho yake yako mita moja au zaidi kidogo kutoka sakafuni. Katikati ya TV pawe sentimita 105 hivi. Kwa TV ya inchi 65, ukingo wa chini utakuwa kwenye sentimita 64 au 65, na chini yake linaingia kabati fupi la sentimita 45 huku pakibaki nafasi ya spika ndefu nyembamba. Mpe fundi namba hizo kwenye karatasi, usimwambie "chini kidogo".

Utupu wa juu ujaze kwa kitu kingine kabisa: mkeka mrefu wa ukili ulioshuka wima, au fremu mbili za kitenge. Fremu hizo tutazirudia kwenye sauti, kwa sababu zina kazi ya pili.

Ukuta wenyewe ni wa nini?

Gonga. Tofali za saruji zilizojaa hazina shida: drili ya kugongesha, plagi za kutosha na skrubu ndefu, basi. Tofali zenye matundu zinahitaji plagi zake maalumu zinazojifungua kwa ndani. Ukuta wa jipsamu peke yake haubebi TV ya kilo ishirini na zaidi, tena yenye mkono wa kuivuta mbele. Tafuta nguzo za chuma zilizo ndani yake, au kabla bodi hazijafungwa mwambie fundi aweke plaiwudi nene nyuma ya sehemu ya TV. Kama ukuta ni wa tofali za kuchoma zilizoachwa wazi, toboa mara moja tu ukiwa na uhakika, kwa sababu tundu la makosa kwenye tofali halizibiki likapotea.

Bano la ukutani lazima lioane na matundu yaliyo mgongoni mwa TV. Vipimo vyake vimeandikwa kwa milimita, kama 200 × 200, 300 × 300 au 400 × 400. Soma kwenye boksi kabla hujaenda madukani, Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi.

Njia za waya

Kaa chini uorodheshe kila waya na safari yake. Kutoka TV kwenda kabatini: nyaya mbili za HDMI, zile zinazobeba picha na sauti, na waya mmoja wa mtandao wa Cat6. Kutoka paani hadi kabatini: waya wa dishi, na wa antena kama unao. Kutoka kisanduku cha faiba hadi kwenye ruta. Kutoka kabatini hadi nyuma ya kochi, kama unawaza spika za nyuma hata miaka mitatu ijayo.

Kisha zungumza habari ya bomba. Fundi umeme ataleta konduiti ya milimita 20 kwa sababu ndiyo anayotumia kila siku. Inatosha kwa nyaya za taa, lakini kichwa cha HDMI hakipiti. Kati ya TV na kabati weka bomba la PVC la milimita 40 au 50, lililonyooka. Likilazimika kupinda, tumia viwiko viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90. Ndani yake acha kamba ya nailoni iliyofungwa pande zote mbili, ili waya mpya uvutwe bila kubomoa. HDMI za sasa zitapitwa na wakati, lakini bomba utabaki nalo.

Umeme upite bomba lake peke yake, mbali na nyaya za mawasiliano kwa sentimita 20 au 30 zinapokwenda sambamba. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

HDMI ya kawaida ya shaba inaanza kusumbua ikizidi mita tano kwa picha za 4K, zile kali zaidi: picha inakatika, kioo kinakuwa cheusi, kinarudi. Kama unataka projekta iliyofungwa mbali, nunua ile yenye nyuzi za kioo ndani, na uijaribu ikiwa imetandazwa sakafuni kabla haijapigwa plasta. Ina upande wa kutokea na upande wa kuingilia. Ikigeuzwa haifanyi kazi.

Kabla ya plasta piga picha za mitaro yote huku tepu ikionekana pembeni. Siku utakapotaka kutundika saa ya ukutani utajua pa kutopiga msumari.

Mpangaji asiyeruhusiwa kuchimba ana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni mfereji wa plastiki wenye kifuniko, ushuke wima kutoka katikati ya TV mpaka kabatini, upakwe rangi ileile ya ukuta. Ya pili ninaipenda zaidi kwa nyumba ya dari refu: bomba la chuma la umeme liachwe wazi, lipakwe nyeusi, vibanio vyake vipangwe kwa nafasi zilizo sawa. Chumba chenye mihimili na tofali wazi hakionei aibu bomba. Kinachokiharibu ni waya uliojikunja kama tambi kwenye kona.

Umeme

Soketi ya TV ikae nyuma ya TV, si pembeni, tena iwe ile iliyozama ukutani ili TV ilale karibu na ukuta. Kabatini weka soketi nne au sita zilizofungwa kabisa, kuliko ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Hakikisha waya wa ardhi (ethi) umefungwa kweli, sio pini tu ya mapambo.

Umeme unapokatika haudhuru kitu. Unaporudi ndipo unaua vyombo. Kifaa cha kulinda TV, kile kinachosubiri kidogo mpaka volti zitulie ndipo kipitishe umeme, ni cha lazima, iwe unanunua tokeni za LUKU au za Kenya Power. Ruta inakula umeme kidogo mno, mara nyingi haizidi wati 12. Betri ndogo ya volti 12 yenye wati-saa 30 itaiweka hewani saa mbili na nusu na zaidi, mtaa mzima ukiwa gizani.

Kabati la vyombo

Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, wanajua kutengeneza kabati la TV, ila wengi watakupa milango ya mbao iliyoziba au ya kioo cheusi. Milango iliyoziba ina hasara mbili: joto linabaki ndani, na rimoti ya king'amuzi haipiti. Omba milango ya henzerani iliyosukwa. Hewa inapita, miale ya rimoti inapenya kwenye vitundu, na ukiwa kwenye kochi huoni taa wala nembo. Ikiwa king'amuzi bado kinagoma, kuna kijicho cha infraredi chenye waya. Kinabandikwa chini ya TV na kupeleka amri ndani.

Nyuma ya kabati toboa tundu la waya chini na lingine la kutolea joto juu. Kila kifaa kiachiwe sentimita tano hivi juu yake, na king'amuzi kisibebe ruta mgongoni. Matundu yote yafungwe wavu laini. Ndani ya kabati pana joto, na mjusi anapenda joto. Akiingia kwenye matundu ya king'amuzi akagusa pasipogusika, mnapoteza wote wawili. Kwa walio karibu na bahari, chumvi ya hewani inakula vichwa vya waya, hivyo mara moja moja zima kila kitu, chomoa, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha.

Na juu ya kabati? Usiweke kitu. Yule wa roshani anakutazama.

Watu wa Lamu walilijua jambo hili karne nyingi zilizopita: kwenye nyumba zao za mawe ukuta wa ndani una zidaka, vishubaka vya plasta vya kuwekea vyombo vya kaure. Kama bado unajenga, mwambie fundi muashi akuachie vidaka viwili vitatu ubavuni mwa TV. Kimoja kitabeba ruta, vingine vibebe vitu vyako vizuri, na hakuna atakayejua kipi ni kipi.

Sauti

Hapa dari refu linakudai. Simama katikati ya chumba kitupu, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaendelea kuzunguka baada ya mikono kutulia, huo ndio utakaokula maneno ya kila taarifa ya habari. Vigae sakafuni, plasta tupu, vioo virefu: vyote vinairudisha sauti. Watu hudhani dawa ni sabufa kubwa zaidi. Ukiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka.

Dawa ya kwanza ni zulia nene kati ya kochi na TV, kwa sababu pale sakafuni ndipo sauti inapodunda kabla ya kukufikia. Ya pili ni mapazia mazito kutoka juu kabisa hadi chini, yenye upana mara mbili ya dirisha ili yabaki na mikunjo hata yakifungwa. Kwa nyumba hii pazia si urembo mdogo. Ndilo eneo kubwa kuliko yote unaloweza kulilainisha.

Ya tatu ni zile fremu za kitenge. Fundi seremala akutengenezee fremu za sentimita 60 kwa 120, zenye kina cha sentimita tano. Ndani jaza pamba ya mawe, mbele vuta kitenge. Kwanza kifue, maana kitenge kipya kina wanga unaokikaza. Kisha kiweke mdomoni upulize: hewa ikipita, sauti nayo itapita iende kumezwa ndani. Tundika mbili juu ya TV na mbili au tatu ukuta wa nyuma ya kochi, halafu piga kofi tena. Usijaze vipande vya godoro la sponji hata ukivipata bure, kwani vinashika moto haraka na kutoa moshi mbaya.

Baada ya hapo ndipo spika. Zisogee karibu na masikio, zisipande darini. Spika za darini kwenye mita nne na nusu zinakuletea sauti iliyokwisha changanyika na mwangwi. Spika mbili zikae kwa umbali unaolingana na umbali wa kila moja hadi kwako, vitundu vidogo vya sauti nyembamba vikiwa usawa wa sikio. Kama hutaki spika za kusimama, spika ndefu chini ya TV inatosha familia nyingi. Ichomeke kwenye tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC, na rimoti ya TV itaongoza sauti. Zile zinazorusha sauti juu ili idunde darini zinahitaji dari bapa, lisilo juu mno. Chini ya paa la mteremko ni pesa zilizopotea.

Sabufa ikikaa kwenye kona, besi inavimba. Ikikaa chini ya roshani, aliyelala juu ataipata kupitia kitanda. Pa kuiweka panatafutwa hivi: inyanyue uiweke juu ya kochi, pale unapokaa. Washa wimbo wenye besi iliyotulia. Halafu tambaa sakafuni kando ya kuta, sikio likiwa chini, ukisikiliza wapi besi iko safi bila kunguruma. Watoto watacheka, sawa. Pale utakapopapenda ndipo mahali pake. Chini yake weka kipande cha raba nene.

Kwa walio chini ya mabati moja kwa moja, masika itashinda spika yoyote. Hilo ni la fundi wa paa, aweke tabaka la kuzuia sauti kati ya mabati na dari.

Mwanga wa usiku

Taa moja dhaifu nyuma ya TV, nyeupe, ya takribani 6500 K (kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye boksi), inapumzisha macho. Ule mkanda wa rangi saba unaobadilika, ambao siku hizi umejaa kwenye dari za jipsamu, uachie saluni. Taa nyingine zifungwe chini, kwenye meza na kuta, ziwe na swichi zake, maana balbu ya mita nne juu inataka ngazi kila inapoungua. Ukiwa na pangaboi, taa yoyote isikae juu ya mapanga yake. Mapanga yatakata mwanga, na chumba kizima kitakuwa kinapepesa kope wakati wa filamu.

Intaneti na rimoti

Uwazi wa chumba unaisaidia Wi-Fi, lakini zege la roshani linaipunguza, hasa ile ya 5 GHz. Ruta iwe mahali panapoonana na chini na juu, isifungiwe ndani ya chuma. TV yenyewe ipewe waya wa Cat6. Netflix hupendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa picha za 4K, na waya utakupa hizo bila kujali majirani wangapi wana ruta zao. Spika za bluetooth ziache kwa muziki. Kwenye filamu midomo inatangulia, maneno yanafuata.

Fungua mipangilio ya TV uwashe HDMI-CEC, inayoviwezesha vifaa kupeana amri kupitia waya wa HDMI. Rimoti moja itawasha TV, spika na vifaa vingine vinavyoielewa. Nyingine zikae kwenye kikapu ndani ya kabati.

Kabla ya kumlipa fundi baki yake

Mwambie akae kwenye kochi, na mwambie mtu mwingine akae roshani. Washa pangaboi, kiyoyozi, friji na taa zote, kisha weka taarifa ya habari kwa sauti ya chini. Maneno yasikike pote pawili. Zima swichi kuu, washa tena, tazama kama kifaa cha ulinzi kinasubiri kabla ya kurudisha umeme. Vuta mkono wa TV mpaka mwisho, urudishe, waya usikazike popote. Mwisho shika ile kamba ya nailoni upande wa kabati, vuta kidogo, na mwenzako aliye upande wa TV aseme kama imesogea. Kama haijasogea, bomba limebanwa au plasta imeingia, na fundi bado hajamaliza kazi.